Masurufu na Ahadi

Neno maktaba limeingia katika kazi za kompyuta pamoja na adabu zake za zamani. Katika mji, maktaba ni nyumba ya vitabu. Msomaji huazima kitabu, hukitumia, hukirudisha, na nyumbani kwake hahitaji rafu za kubeba elimu yote ya dunia. Katika kompyuta, maktaba ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mtunzi wa programu huziita badala ya kuzitunga upya. Swali zito la nyumba zote mbili ni moja: mwenye haja akisafiri mbali na maktaba yake, atafanyaje? Ama achukue nakala ya kitabu katika mzigo wake, ama atumaini kuwa huko aendako ipo maktaba yenye kitabu kile kile. Kompaila hukabiliwa na swali hili kila siku, na majibu yake yamewekwa katika machaguo mafupi ya kuunganishia programu, ambayo watu wengi huyanakili kutoka kwa wenzao bila ya kuyasoma.

Mfano ulio wazi wa jambo hili ni lugha ya OCaml. Lugha hii ililelewa Ufaransa, katika taasisi ya utafiti iitwayo INRIA. Katika miaka ya 1990 na 1991 Xavier Leroy alibuni umbo jipya la lugha ya Caml, lililosimama juu ya mashine ya kufikirika. Damien Doligez akalipatia mfumo wa kutunza kumbukumbu. Na zao la kazi hiyo likaitwa Caml Light. Mwaka 1996 ilifuata Objective Caml, na tangu mwaka 2011 jina limefupishwa kuwa OCaml. Kompaila zake ni mbili. Moja, ocamlopt, hutoa maagizo ya prosesa halisi. Ya pili, ocamlc, hutoa baitikodi, na hiyo ndiyo inayohusika hapa.

Baitikodi ni maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya kufikirika. Prosesa inayouzwa dukani haiyaelewi. Husomwa na programu nyingine, ocamlrun, ambayo huyatimiza moja baada ya moja. Faida yake ni kwamba faili moja, likiisha kutungwa, laweza kutumika katika kompyuta za namna nyingi, maadamu kila moja ina ocamlrun ya toleo linalolingana. Kwa hiyo yafaa kusema kuwa baitikodi ni mgeni, na ocamlrun ni mwenyeji wake.

Mgeni huyu ana akili, lakini hana mikono. Anaweza kujumlisha, kulinganisha, kujenga orodha na kuita kazi zake mwenyewe. Walakini kufungua faili, kuuliza saa au kupeleka habari katika mtandao hawezi mpaka amwombe mwenyeji. Maombi hayo hutimizwa na kazi zilizoandikwa kwa lugha ya C, nazo zaweza kuitwa vitendo vya msingi. Ndani ya faili la baitikodi mna sehemu iliyopewa jina la PRIM, na humo yameorodheshwa majina ya vitendo vyote vya msingi ambavyo programu itavihitaji. Maagizo yenyewe hayataji majina. Hutaja nambari tu: kitendo cha 5, kitendo cha 40. Ocamlrun inapoamka husoma orodha ile, hutafuta kila jina, na kujenga jedwali ambalo nambari zitaelekea kwake. Jina moja likikosekana, programu haianzi kabisa, hata kama kitendo kile kingehitajiwa mara moja kwa mwaka.

Wako watu wanaoulaumu ukali huu. Lawama hiyo haina haki. Afadhali mgeni akataliwe mlangoni mchana kuliko kuambiwa usiku wa manane, akiwa amekwisha kuvua viatu, kwamba nyumba haina kitanda.

Vitendo vingi vya msingi vimo ndani ya ocamlrun yenyewe, na programu isiyotaka zaidi ya hivyo haina taabu ya safari. Taabu huanza pale mtunzi anapotaka kazi za C ambazo mwenyeji hakuzaliwa nazo. Na isemwe, kwa mfano wa kufikirika, kuwa mtunzi ametumia maktaba iitwayo picha, yenye kusoma na kupima picha za hadubini. Upande wake wa OCaml umo katika faili la picha.cma. Upande wake wa C, ukitayarishwa kwa chombo kiitwacho ocamlmklib, hutokea katika sura mbili: libpicha.a, ambayo ni ya kuingizwa ndani ya programu wakati wa kuunganisha, na dllpicha.so, ambayo ni ya kukaa nje na kupakiwa programu inapoanza. Hapo njia hugawanyika.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya zamani, ni chaguo la -custom. Mtunzi akilitumia, kompaila hujenga mwenyeji mpya, ocamlrun ya pekee iliyokwisha kuingizwa libpicha.a tumboni mwake, kisha hubandika baitikodi mwishoni mwa faili la mwenyeji huyo. Programu haisafiri tena kama mgeni. Inasafiri na nyumba yake mgongoni, kama kobe. Inayo masurufu yote ya njiani, wala haimwombi mtu kitu. Gharama yake ni dhahiri: faili huwa kubwa, tena hupoteza ile faida ya baitikodi ya kutumika katika kompyuta za namna nyingi, kwa maana nyumba iliyojengwa kwa prosesa moja haikaliki katika prosesa nyingine.

Lakini -custom ina udhaifu mwingine ulio mdogo kwa sura na mkubwa kwa matokeo, na mwanafunzi wa Kiswahili ataufahamu upesi kuliko mwingine kwa sababu lugha yake imetenga vitenzi viwili. Kuunga ni kukifanya kitu kuwa kimoja na kingine, kama mfupa ulivyoungwa na mfupa. Kuambatisha ni kukitia kitu ubavuni mwa kingine kikabaki ni kingine. Chaguo la -custom huunga maktaba ya C na mwenyeji, ila baitikodi yenyewe huiambatisha tu. Mfumo wa uendeshaji, ukilitazama faili lile, huona programu halali ya mashine yenye mkia usioeleweka. Sasa kiko chombo katika mifumo ya ukoo wa Unix kiitwacho strip, ambacho kazi yake ni kupunguza unene wa mafaili kwa kutupa visivyohitajiwa na mashine. Strip huuona mkia, haiutambui, huutupa. Na programu iliyobaki ni nyumba nzuri isiyokuwa na mtu. Kitabu cha maelezo cha OCaml kimeonya waziwazi kuwa strip isitumike kamwe juu ya mafaili ya -custom, na kimeongeza onyo la pili, kwamba mafaili hayo yasipewe ruhusa za setuid wala setgid, zile zinazoipa programu mamlaka ya mwenye faili badala ya mamlaka ya anayeitumia, kwa kuwa hapo hufunguka mlango wa mashambulio. Maonyo mawili haya hayana mahali pa kuandikwa ndani ya programu. Hukaa katika kitabu, na fundi anayefunga programu kwa ajili ya watu wengine huenda hajakifungua.

Njia ya pili ni ya ahadi. Chaguo lake ni -dllib, na mtunzi huandika -dllib -lpicha. Kompaila haiingizi chochote cha C ndani ya faili. Huandika tu, katika sehemu iitwayo DLLS, kuwa programu hii itahitaji maktaba ya dllpicha. Jina huandikwa bila ya ile tamati ya .so, nalo ni jambo la busara lisilopata sifa yake: katika Windows tamati ni nyingine, na kila mwenyeji humalizia jina kwa desturi ya nchi yake. Aghalabu mtunzi hata haandiki chaguo hilo kwa mkono, kwa sababu aliyetengeneza picha.cma aliliandika ndani ya maktaba yake, na kompaila hulirithi. Asiyetaka urithi huo ana chaguo la -noautolink la kuukatalia.

Msomaji asidhani kuwa ahadi hii hutolewa ovyo. Kabla ya kuiandika, ocamlc hulifungua faili la dllpicha.so lililopo katika kompyuta ya mtunzi na kuangalia kama kila kitendo cha msingi kilichotajwa kimo. Kimoja kisipopatikana, hukataa kuunganisha. Huu ni ukaguzi wa kweli. Ila ni ukaguzi wa bandari ya kupakilia. Hakika yake ni kwamba maktaba ilikuwapo, siku ile, katika nyumba ya aliyeijenga programu. Juu ya nyumba ya atakayeipokea hausemi neno.

Hapa ndipo chaguo la -dllpath linapohitaji kueleweka sawasawa, maana kosa linalozaliwa hapa ndilo linalopoteza siku nyingi za watu. Mtunzi anapoipa kompaila saraka kwa chaguo la -I, anaiambia mahali pa kutafuta sasa, wakati wa kuunganisha. Anapoipa saraka kwa -dllpath, kompaila haitafuti humo hata kidogo; huiandika tu katika sehemu iitwayo DLPT, iwe wasia kwa ocamlrun ya baadaye. Machaguo mawili haya hufanana kwa sura kama pacha, na kila moja hutumikia wakati wake. Aliyetia -I peke yake ataona kuunganisha kumekwenda salama, naye atalala akiamini kuwa njia imehifadhiwa. Haikuhifadhiwa. Aliyetia -dllpath peke yake huenda asiunganishe kabisa. Na aliyetia yote mawili, akaandika saraka ya nyumbani kwake, amepeleka ulimwenguni faili lenye anwani ambayo haipo katika kompyuta nyingine yoyote.

Wakati wa kuanza unapofika, ocamlrun hutafuta maktaba kwa mpango usiobadilika. Hutazama kwanza saraka ilizopewa kwa -I katika amri ya kuiamsha yenyewe. Kisha zile zilizotajwa katika kigeu cha mazingira kiitwacho CAML_LD_LIBRARY_PATH. Kisha wasia wa -dllpath. Kisha faili la ld.conf, lililomo katika saraka ya maktaba za msingi za OCaml. Na mwisho mahali pa kawaida pa mfumo wa uendeshaji, kama /lib na /usr/lib katika Linux. Mpango huu una siasa ndani yake. Neno la aliye hai mbele ya kompyuta hutangulia. Neno la mtunzi aliye mbali hufuata. Desturi ya nyumba huja baadaye. Na desturi ya nchi ni ya mwisho. Ni vigumu kuupinga kwa haki. Mtunzi hawezi kuijua nyumba ya mpokeaji, wala haifai wasia wake umshinde mwenye nyumba.

Pamoja na hayo, ngazi ya pili ina hatari ambayo ngazi nyingine hazina. Amri iliyoandikwa kwa mkono huonekana. Kigeu cha mazingira hakionekani. Hukaa kimya nyuma ya kila amri. Tena wengi hawakukiweka wao. Opam, chombo kinachosimamia vifurushi vya OCaml, hukiweka kwa niaba yao, ili maktaba za toleo walilolichagua zipatikane; na mtu akihama kutoka toleo moja hadi jingine katika dirisha lililobaki wazi, bila ya kuyafanya upya mazingira yake, kigeu chaweza kuendelea kuelekeza kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.

Na afikiriwe mwanafunzi wa shahada ya juu aliyeandika tasnifu juu ya vijidudu vya malaria katika damu, na hesabu zake zote zimetoka katika programu iliyotumia maktaba ya picha. Tasnifu yake imesomwa, na watahini wanataka kuiona programu ikihesabu. Anawapa faili la baitikodi. Ni dogo, na kwake limefanya kazi miaka miwili. Wanalianzisha, na ocamlrun inajibu kuwa haikuweza kuipakia maktaba ya dllpicha. Aibu hiyo ni kubwa, lakini ni ya saa moja. Mwanafunzi atatafuta, ataona kuwa nyumbani kwake kigeu cha opam ndicho kilichokuwa kikimbeba siku zote, ataileta dllpicha.so, ataonyesha njia, na kazi itaendelea.

Jambo la kuogopwa zaidi ni lile la pili, ambalo halina aibu kwa sababu halina sauti. Katika kompyuta ya watahini maktaba ya dllpicha ipo, ila ni ya toleo la zamani. Ocamlrun inaifungua. Inatafuta vitendo vya msingi kwa majina, na majina yote yapo. Hapana kingine inachokiangalia, kwa kuwa jina la kazi ya C halichukui habari ya kazi yenyewe: halisemi inapokea vitu vingapi, wala vya namna gani, wala kama kipimo inachorudisha ni cha eneo au cha mzingo. Faili la baitikodi lina alama yake ya toleo mwishoni, na ocamlrun huikataa alama isiyolingana nayo. Lakini maktaba hii iliyotungwa na mtu wa nje haikuwekewa ulinzi kama huo. Programu inaanza, inahesabu, inamaliza. Nambari zilizotoka si zile za tasnifu. Hapo mtahini mwema atauliza ni ipi iliyo sahihi, na mtahini mwepesi atasema kuwa mwanafunzi amebuni matokeo.

Katika hali hiyo, methali ya ahadi ni deni haitoshi. Deni limelipwa, na sarafu ni bandia.

Je, si afadhali basi kila mtu arudi katika masurufu ya -custom? Mafundi wa Debian, ambao hufunga maelfu ya programu kwa ajili ya watu wasiowajua, wamejibu kuwa sivyo: kanuni zao juu ya OCaml huelekeza kuiepuka -custom, na maktaba za kupakiwa huwekwa pamoja katika saraka ya /usr/lib/ocaml/stublibs. Hoja ya kukusanya hivyo ina nguvu. Kasoro ikigunduliwa ndani ya maktaba ya C, ikatengenezwa mahali pamoja, kila programu inayoipakia imepona siku hiyo. Bali zile zilizobeba nakala tumboni hubaki na ugonjwa mpaka kila moja iunganishwe upya, na aliyezitunga huenda amekwisha kusahau kuwa alizitunga. Lakini ahadi ya Debian inawezekana kwa sababu aahidiye na atimizaye ni mmoja. Wao ndio wanaoiunganisha programu, na wao ndio wanaoiweka maktaba. Mwanafunzi na watahini wake hawana serikali moja ya namna hiyo, na kuwapa kanuni ya Debian ni kumpa msafiri wa jangwani ushauri wa mtu wa pwani.

Mwaka 2020 toleo la 4.10 la OCaml lilileta chaguo la -output-complete-exe, na thamani yake yaonekana kwa mtu aliyekwisha kutofautisha kuunga na kuambatisha. Chaguo hili huigeuza baitikodi yenyewe kuwa takwimu ndani ya programu ya C, kisha huiunga pamoja na mwenyeji na maktaba za C kuwa mwili mmoja. Mkia haupo tena. Strip yaweza kupita, na hapana kinachopotea. Kwa mwanafunzi yule hii ndiyo njia ya kuichagua, maadamu watahini wanatumia kompyuta ya namna ile ile. Hata hivyo si masurufu kamili: katika Linux, kwa kawaida, programu ile bado huomba maktaba ya msingi ya C kwa mfumo wa uendeshaji. Mahali fulani daima hubaki mwenyeji.

Yako machaguo mengine ambayo maneno machache yatayatosha. Kwa -make-runtime mtunzi hujenga mwenyeji mmoja mwenye vitendo vya msingi alivyovitaja, na kwa -use-runtime programu nyingi ndogo huunganishwa kwa kumtegemea yeye. Yafaa kwa darasa lenye programu thelathini na maktaba moja. Chaguo la -linkall linahusu upande wa OCaml, si wa C. Kwa desturi kompaila huacha nje kila moduli ya maktaba ambayo programu haikuitaja, nayo ni iktisadi njema. Lakini programu inayopakia sehemu zake baadaye, kwa maktaba ya Dynlink, haiwezi kujua leo wageni wa kesho watataka nini, na moduli iliyoachwa nje kwa kuwa hapana aliyeitaja yaweza kuwa ndiyo hasa itakayoombwa. -linkall huamuru zote ziingizwe.

Aliyekabidhiwa faili la baitikodi, naye hajui limeahidi nini, hana haja ya kubahatisha. Chombo kiitwacho ocamlobjinfo hulifungua faili na kuandika maktaba zilizotajwa katika DLLS, saraka zilizohifadhiwa katika DLPT, na majina ya vitendo vyote vya msingi. Kwa upande wa pili, ocamlrun ikiamriwa kwa chaguo la -p huandika vitendo ilivyozaliwa navyo. Majina yaliyomo katika orodha ya kwanza na yasiyokuwamo katika ya pili ndiyo yanayopaswa kutoka katika maktaba za nje. Watahini wangaliweza kuyasoma majina hayo kabla ya kuianzisha programu, na mwanafunzi angaliweza kuyasoma kabla ya kuipeleka, akaandika pembeni toleo la dllpicha alilolitumia, kwa kuwa hilo halimo katika orodha yoyote kati ya mbili.